Kishikwambi chenye Jina la Mwingine

Ipo aibu ambayo dawa yake ni kuionyesha. Mtu mwenye jipu mahali pa siri akiona haya kumfunulia tabibu, jipu lenyewe halimwonei haya. Litaiva, litapasuka na kumlaza kitandani. Hiyo ndiyo maana ya kauli ya wahenga kwamba mficha uchi hazai. Hawakuusema uchi wa mwili peke yake. Walikusudia kila jambo ambalo mtu hulifunika kwa kuogopa kuchekwa, mpaka kule kulifunika kukamnyima kitu alichokuwa akikitafuta.

Burulcha alikuwa tabibu na mkunga wa kijiji cha Kyzyl-Saz, kule milimani kwa Wakirigizi, ambako majira ya baridi huja mapema na kuondoka yakiwa yameburutwa. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, na miaka thelathini na mmoja kati ya hiyo aliitumia katika zahanati moja yenye vyumba viwili na jiko la makaa. Nusu ya kijiji ilikuwa imelia kilio cha kwanza mikononi mwake. Alijua kuunga mfupa, kumgeuza mtoto tumboni na kumtuliza mlevi mwenye kisu. Watu walimwita eje, yaani dada mkubwa, hata wale waliomzidi umri. Kasoro yake ilikuwa moja tu: neno "sijui" lilimkwama kooni kama mfupa wa samaki.

Mwanzoni mwa vuli, matabibu wote wa vijijini waliitwa mjini wilayani wakagawiwe vishikwambi. Kuanzia siku hiyo, majibu ya vipimo vya maabara hayangeletwa tena kwa karatasi. Yangeruka angani na kumfikia kila tabibu katika kishikwambi chake. Aliyewafundisha alikuwa Bwana Ormon wa ofisi ya wilaya, mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza usingizi.

Katika benchi la mbele ya Burulcha aliketi Perizat, tabibu wa Teskey-Bulak, kijiji kilichoko ng'ambo ya pili ya mlima. Perizat alikuwa na miaka ishirini na minane na alikuwa na maswali. Aliuliza jina la kifaa ni kitu gani na jina la akaunti ni kitu gani, na kama ni kitu kimoja mbona yameandikwa mahali pawili. Alijibiwa, akauliza tena. Burulcha, ambaye tangu mwanzo hakuwa ameelewa hata neno moja, aliona joto likimpanda shingoni.

"Perizat mwanangu," akasema kwa sauti ya kusikika, "mwachie mwalimu apumue. Ukikiuliza hivi kishikwambi, mgonjwa naye si utamuuliza jina la ugonjwa wake?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Perizat akawa mwekundu kama tufaha, akafunga daftari lake, na hakufungua mdomo tena.

Maboksi yakagawiwa. "Kila kimoja kina jina la mwenyewe," Bwana Ormon alisema. "Kiwasheni, mhakikishe. Ukiona jina si lako, sema sasa hivi hapa hapa, tulimalize."

Perizat, ambaye bado alikuwa na donge la kuchekwa, hakulifungua boksi lake mbele ya watu. Alilitia mfukoni mwa koti na kuinamisha kichwa. Burulcha alilifungua lake. Kioo kikawaka, na juu yake kukaandikwa kwa herufi nzuri zisizo na shaka: Perizat, Teskey-Bulak.

Aliyasoma maneno hayo mara mbili. Kilichohitajika ni kunyoosha mkono tu, kuvuka benchi moja, na kusema, "Wewe, tumebadilishiwa." Lakini kicheko alichokianzisha mwenyewe kilikuwa bado hakijapoa ukumbini. Aliwaza, nikisema sasa, huyu binti atainua uso, ataniuliza kama nimesoma vizuri, nao watacheka tena, na safari hii watanicheka mimi. Na je, kama ndivyo kilivyo? Kama majina hayo ni ya mfano tu, kila mtu amepewa hayo hayo?

"Burulcha eje, kwako kuko sawa?" Bwana Ormon akauliza.

"Sawa kama chuma," akajibu, akakirudisha kishikwambi ndani ya boksi.

Aliporudi Kyzyl-Saz, alijifungia zahanatini akiwa na kijitabu cha maelekezo na birika la chai ya maziwa. Alitafuta ukurasa kwa ukurasa mpaka akakutana na kichwa kilichomfanya aseme "Haa!" peke yake: Kubadilisha jina la kifaa. Ilitakiwa kuingia kwenye mipangilio, kisha kwenye habari za kifaa, kisha kugusa jina, kulifuta na kuandika jingine. Alifanya hivyo huku ulimi umechomoza pembeni mwa mdomo. Kifaa kikamtii. Perizat akatoweka, Burulcha akaonekana.

Furaha yake haikudumu. Alipofungua ukurasa wa majibu ya maabara, Perizat alikuwa amekaa tena pale juu, ametulia tuli, kama mgeni asiyetaka kuondoka. Burulcha alikuna kichwa. Kumbe majina yalikuwa mawili: moja la kifaa na jingine la akaunti. Akalitafuta hilo la pili nusu saa nzima, akalipata, akalifuta, akaandika lake. "Jina la kuonyeshwa limebadilishwa," kifaa kikasema.

"Ndiyo hii tu?" akasema, akajimiminia chai.

Asichokijua ni kwamba jina lile lilikuwa kama kibandiko kwenye mtungi. Ukibandua "asali" ukabandika "siagi", asali iliyomo ndani haina habari. Ndani ya kile kishikwambi kulikuwa na namba ya akaunti ya Perizat, na kokote yatakakotoka majibu ya wagonjwa wa Perizat, yangeifuata namba hiyo, si kibandiko.

Kesho yake simu ikalia. Alikuwa Perizat.

"Eje, hujambo? Samahani kwa kukusumbua. Hiki kishikwambi changu kimeandikwa jina lako. Je, chako?"

Burulcha akakitazama kilichokuwa mezani. "Changu kina jina langu," akasema. Na kweli, kilikuwa nalo. Akajiambia kwamba hajasema uongo.

"Jamani! Basi ni makosa ya ofisi. Ngoja nimuulize Bwana Ormon."

Bwana Ormon alitazama orodha yake, akaona jina la Burulcha limetokea mara mbili na la Perizat halipo kabisa. Akamwambia Perizat kwamba kosa liko kwake, alibadilishe tu jina aandike lake. Perizat akatii. Tangu hapo kila kitu kikawa kizuri kwa nje: Burulcha alikuwa na kishikwambi kilichoandikwa Burulcha, na Perizat alikuwa na kilichoandikwa Perizat. Kwa ndani, kila mmoja alikuwa amekalia kiti cha mwenzake.

Kijijini Kyzyl-Saz kulikuwa na mwanamke aitwaye Saltanat, mke wa mchungaji Kubat. Alikaa miaka saba katika ndoa bila mtoto. Alikunywa dawa za kila namna na kumeza maneno ya kila namna, na sasa, akiwa na miaka thelathini na minne, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mama mkwe wake, Batma, alimchunga kama yai. Burulcha alikuwa amemtoa damu, akaiweka katika kichupa, akakiandika jina la Saltanat na la zahanati yake, na kukituma wilayani kwa lori la maziwa. Majibu yangekuja baada ya wiki moja.

Wiki ikatimia. Kishikwambi kikalia kengele ndogo na Burulcha akakikimbilia. Kiliandika: Toktosun, mzee wa miaka sabini, sukari imepanda.

Burulcha alikaa kitako. Katika kijiji chote alimjua Toktosun mmoja tu, na huyo alikuwa amemfumba macho kwa mkono wake mwenyewe miaka mitatu iliyopita. Maiti anapandaje sukari? Na nani kampima? Alikwenda kwa jirani, akaulizia kwa kuzungukazunguka.

"Hivi, ukoo wa marehemu Toktosun una Toktosun mwingine?"

"Mwingine wa nini?" jirani akashangaa. "Yule mmoja alitutosha. Kwani anadaiwa dawa?"

Siku ya pili yakaja majibu ya kifua ya mwanamke aitwaye Gulbara. Siku ya tatu, minyoo ya watoto wanne wasiojulikana. Saltanat hakuwemo. Burulcha alianza kuhisi kwamba kile kifaa kilikuwa kikiota ndoto na kumsimulia. Labda jina aliliandika vibaya. Akalifuta, akaliandika kwa herufi kubwa. Haikusaidia. Akaongeza jina la baba yake. Akaongeza jina la kijiji, akaliondoa jina la baba, akaandika "Zahanati", akaandika "Tabibu Mkuu". Kila mara kifaa kilimuuliza jambo lile lile kabla ya kukubali: Je, una hakika? Lilikuwa swali fupi, lakini lilimtoa kijasho chembamba, kwa maana hakika ndiyo hasa aliyoikosa. Hakuwa na hakika kama kosa lilikuwa la jina, la kifaa, la maabara au la akili yake inayozeeka. Alikuwa kama mtu aliyeshuka farasi ndani ya ukungu, hajui tena aliko farasi wala iliko njia.

Kisha zikaanza simu za Perizat.

Ya kwanza ililia asubuhi. Burulcha aliliona jina kwenye kioo, moyo ukampiga paa. Amejua, akasema moyoni. Amegundua kwamba nilichukua chake nikakigeuza jina kama mwizi wa mifugo anayebadilisha chapa. Hakupokea. Ikalia mchana, ikalia jioni, ikalia siku ya pili yake. Mwishowe aliichukua simu akaitia chini ya mto wa kitanda cha wagonjwa, ili angalau isimtazame.

Siku ya tatu, Jumash, dereva wa lori la maziwa, alisimama mlangoni akikung'uta theluji viatuni.

"Burulcha eje, umekosana na nani? Perizat wa Teskey-Bulak anasema umpigie leo leo. Anasema ni habari ya vishikwambi."

"Hakusema zaidi?"

"Nilimwambia anipe maneno niyalete, akakataa. Anasema ni siri za kikazi. Uso wake ulikuwa umekunjamana hivi!" Jumash akaukunja wake kuonyesha.

Burulcha aliitikia kwa kichwa na kumpa kipande cha mkate. Siri za kikazi! Basi mashtaka yameshaandikwa, aliwaza. Atapelekwa mbele ya Bwana Ormon, na binti ambaye yeye Burulcha alimcheka atasimama pembeni. Alijiahidi kwamba atapiga kesho, akishapata la kusema.

Mchana huo huo Saltanat aliingia akitembea polepole, mkono mmoja kiunoni.

"Eje, majibu yangu bado?"

Burulcha alikilaza kishikwambi kifudifudi mezani. Angeweza kusema kwamba hajui. Badala yake alitabasamu lile tabasamu ambalo wanawake wa Kyzyl-Saz walikuwa wakiliamini kuliko dawa. "Usijitie wasiwasi, mwanangu. Yangekuwa mabaya, wangepiga simu."

Chini ya mto, simu ikaanza kulia.

Ililia kwa sauti iliyozibwa, kama mtu anayeita kutoka kisimani. Saltanat aligeuza shingo. "Simu yako, eje."

"Iache ilie. Watu wa matangazo hao."

Saltanat aliaga akaondoka. Burulcha alibaki amesimama katikati ya chumba, na maneno aliyoyatamka mwenyewe yakamrudia sikioni. Wangepiga simu. Alihisi ubaridi mgongoni, ila hakuufuata ubaridi huo mpaka mwisho wake. Alijiambia kwamba kifaa ni kifaa na damu ni damu, na kwamba hayo mawili hayana uhusiano. Usiku ule hakupata lepe la usingizi.

Asubuhi yake theluji ilianza kuanguka juu mlimani. Batma akaingia zahanatini akimshika mkwewe mkono.

"Burulcha, mtazame huyu. Ameuma zile jibini kavu za kurut, si unajua zilivyo ngumu za mwaka huu, basi fizi zinatoka damu tangu alfajiri, hazinyamazi. Nimempa maji ya chumvi, wapi. Nikasema labda ni meno."

Burulcha hakuyatazama meno. Aliipandisha mikono ya gauni la Saltanat. Kwenye mkono wa kulia, pale mama mkwe alipomshika tu, palikuwa na alama za vidole za rangi ya zambarau. Kwenye miguu kulikuwa na vidoa vyekundu vidogo vidogo, kama mtama uliomwagwa. Miaka thelathini na mmoja ya kazi ikasimama yote ndani yake. Hakuhitaji kishikwambi kumwambia kwamba damu ya mwanamke huyu ilikuwa haigandi inavyotakiwa. Alihitaji kujua ni kwa kiasi gani. Kama uchungu ungeanza hapa, katika chumba hiki chenye jiko la makaa, angetoka damu kama bomba lililopasuka, na yeye Burulcha asingekuwa na chochote cha kuizibia ila vitambaa.

Alifungua kishikwambi. Toktosun. Gulbara. Minyoo. Jina lake mwenyewe liling'aa pale juu kwa herufi kubwa, halikuwa na msaada wowote.

"Majibu yanasemaje?" Batma akauliza.

Hapo Burulcha akapiga moyo konde. "Batma, kaeni chini, wewe na mwanao. Majibu sijui yako wapi. Hiki kishikwambi si changu. Nilipewa cha mwingine, nikaona aibu kusema, nikakibadilisha jina. Tangu hapo sielewi kinaniambia nini. Na jana nilipokwambia, Saltanat, kwamba wangepiga simu... walikuwa wakipiga. Siku nne wanapiga. Mimi sipokei."

Saltanat alitia kitambaa mdomoni. Batma alimtazama Burulcha kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Hupokei! Miaka saba tumeingoja mimba hii, Burulcha. Miaka saba! Hiyo simu iko wapi?"

"Chini ya mto."

"Basi itoe huko!"

Perizat alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. "Eje! Uko hai? Nimekupigia mara tisa!"

"Nimeziona zote tisa," Burulcha akasema. "Perizat, nimeharibu. Kishikwambi nilicho nacho ni chako. Nilijua tangu siku ile ukumbini. Niambie kama kwako kuna mtu anaitwa Saltanat."

"Yuko," Perizat akasema. "Yupo na alama nyekundu ya hatari. Chembe za kugandisha damu zimepungua mno. Daktari wa wilaya ameandika asizalie kijijini kwa vyovyote, apelekwe hospitali mara moja. Nilimwambia Bwana Ormon kwamba huyu si mgonjwa wangu, akatazama orodha, akasema jina la Burulcha lipo, kwa hiyo Burulcha amepata. Nikasema kama amepata mbona hapokei simu? Nikajiuliza, au nimechanganyikiwa mimi? Leo nilikuwa naazima farasi nije mwenyewe."

"Hukuchanganyikiwa. Ni mimi niliyewachanganya wote."

"Lawama tutazigawana baadaye, eje. Njia ya mlimani ingali wazi?"

Burulcha alitazama dirishani. "Kwa sasa."

"Basi mtoe. Mimi naita gari la wagonjwa litusubiri chini upande wangu."

Lori la Jumash likashushwa madebe yake ya maziwa. Saltanat na Batma waliketi mbele, wamefunikwa mablanketi ya sufu, na Burulcha akapanda nyuma, kwenye majani makavu, akiwa amekikumbatia kishikwambi kifuani. Jumash aliendesha pole pole, akiongea na lori lake kwa majina matamu kama mtu anayembembeleza ng'ombe asirushe teke. Theluji iliwafichia kona. Mara mbili waliteleza, mara moja Burulcha alishuka akalisukuma kwa mabega yake. Kila liliposimama lori alikimbilia dirishani kuangalia kitambaa cha Saltanat. Kilikuwa chekundu, ila si sana. Hakuwa na la kuomba isipokuwa uchungu usianze.

Chini ya mlima, upande wa pili, gari la wagonjwa lilikuwa limewasha taa mchana ule wenye giza la theluji. Perizat alikuwa amesimama kando yake. Walimhamisha Saltanat, wakampima, wakamlaza. Ndipo matabibu hao wawili wakabaki wanatazamana, kila mmoja na kishikwambi chake mkononi, majina sahihi yakiwaka juu yake.

"Kwa hiyo," Burulcha akauliza, "ningeandika jina langu mara mia moja..."

"Ungebaki kuwa mimi, eje. Ndani kuna namba. Namba haijali tunaitwa nani."

"Na dawa yake?"

"Chukua hiki. Nipe hicho."

Wakapeana. Ilichukua muda wa kupenga kamasi. Kile ambacho kingefanyika ukumbini kwa kunyoosha mkono juu ya benchi moja, kilifanyika wiki tatu baadaye, kwenye theluji, na roho mbili zikining'inia. Perizat alisoma haraka vya kwake vilivyokuwa vimerundikana, akashika kichwa. "Mzee Toktosun! Kila siku ananiuliza, nami namwambia maabara wamelala!" Jioni ile ile mzee huyo akaanzishiwa dawa ya sukari, akalalamika kwamba wamemkataza asali.

Njia ya mlimani ilifungwa na theluji siku mbili baadaye. Saltanat alitibiwa wilayani wiki tatu, na damu ya kuongezewa ikawekwa tayari. Siku alipojifungua ilihitajika yote. Alipata mtoto wa kike mwenye mapafu ya mnadi. Daktari alimwambia Burulcha waziwazi, kwenye korido, kwamba kama mama huyu angezalia Kyzyl-Saz, leo wangekuwa wanazika, tena si mtu mmoja. Burulcha hakujitetea. Batma, aliyekuwa hajasema naye tangu siku ile ya lori, alimwita aje amshike mtoto. "Mshike," akasema, "lakini sijakusamehe bado. Nitakusamehe akiota jino." Burulcha akakubali kwamba hiyo ni haki.

Mwezi uliofuata matabibu waliitwa tena mjini. Bwana Ormon alisimama akasema palitokea mkanganyiko wa majina, na kwamba ofisi inachunguza chanzo. Burulcha akainuka.

"Chanzo ni mimi. Usijichoshe kuchunguza." Akawasimulia yote: jina aliloliona, kimya alichokaa, vibandiko alivyobandika juu ya vibandiko, simu iliyolia chini ya mto. Wengine walicheka, hasa alipofika kwa marehemu mwenye sukari. Aliwaacha wacheke mpaka wamalize. Kisha akamgeukia Perizat. "Nilikucheka hapa hapa kwa kuuliza. Nisamehe. Na sasa mimi nina swali: neno la siri likisahaulika, mtu hufanya nini? Maana hata hilo sijui."

Perizat akaanza kueleza. Kabla hajafika mbali, benchi la nyuma likaguna. Mzee Sheyshen, tabibu aliyekuwa na miaka sitini na tatu na masharubu yaliyoheshimiwa wilaya nzima, alikuwa ameinua mkono nusu, kama anayejikuna sikio.

"Bwana Ormon," akasema, akikohoa, "changu... changu tangu siku ya kwanza kinaniita Bibi Aisuluu."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, mzee mwenyewe akiwemo. Lakini mwanamke mmoja akainua mkono pia, akafuatwa na mwingine, kila mtu akiutoa uchi wake mezani. Bwana Ormon alivua koti, akakunja mikono ya shati na kuanza kupita benchi kwa benchi. Burulcha aliwatazama watu wazima hawa wakionyeshana vioo vyao bila haya, akajua kwamba walichokuwa wakikitafuta wote kilikuwa karibu nao muda wote huo, kikingoja tu kuombwa. Hakika, mficha uchi hazai.